Udi wa Bi Badriya

Sehemu ya saba

Ile kalamu tuliyoiacha hewani Jumamosi iliyopita bado iko hewani. Wapo wasomaji walionitumia ujumbe wiki nzima wakiniuliza kama nina roho kweli, kumwacha mwanamke wa watu na kalamu mkononi kwa siku saba. Ninayo. Haya, vuteni viti.

Kwa aliyejiunga nasi leo, habari yenyewe si ndefu. Sikujua Athumani, mwanamke wa Kisauni, ana miaka kumi na minane Dubai. Mchana anasimamia mapokezi ya kliniki moja ya Oud Metha. Usiku analala kitanda cha dirishani katika fleti ya Al Muraqqabat yenye wanawake saba na mapazia saba. Binti yake Alya alimwacha kwa bibi yake akiwa hajaanza kutembea, na sasa amemaliza kidato cha nne. Ijumaa anakuja kuishi na mama yake kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Mara mbili Sikujua amewahi kumwita, na mara mbili amemwambia asubiri kwanza. Alya ana pumu, na mtoto mwenye pumu huwezi kumlaza nyuma ya pazia pamoja na marashi na vikaango vya watu saba. Safari hii alimwahidi chumba chenye mlango wake mwenyewe.

Chumba hicho kimo katika fleti ya Bi Badriya, upande wa Jebel Ali. Sikujua anainunua, na leo ndiyo siku ya kuhamisha hati, ofisini kwa karani. Hundi ya benki iko mezani, karani amefungua faili, kalamu imeinama. Hapo simu ikalia, na jina lililotokea ni Milly, mkaguzi wa nyumba.

"Madam, usisaini kitu yoyote," Milly alisema. "Niko kwa ile chumba ya msichana wako. Leo hakuna udi hapa, na hii chumba inanuka vibaya sana."

Sikujua akaweka kalamu chini.

Aliyeshtuka kwanza ni Junaid, dalali. Huyu ni kijana wa Kibokoni aliyekuja Dubai na begi moja na ulimi, na begi alikwisha kulitupa zamani. Alivaa viatu bila soksi na alinukia kuliko wateja wake. Akamuinamia Sikujua na kumuuliza kwa upole kama kuna msiba nyumbani.

Sikujua akasema hakuna msiba, ila anaomba wasimamishe kwanza. Kuna tatizo la ukaguzi halijamalizika.

"Dada Siku, yale mambo manne yote yalirekebishwa," Junaid alisema. "Picha nilikutumia mwenyewe."

Hapo alisema kweli, picha alituma. Wiki tatu nyuma Milly alikuwa ameandika kasoro nne: mlango wa bafu, kitasa cha dirisha, soketi ya jikoni, na ukuta wa chumba kidogo ambao kipimo chake kilisema una maji ndani. Junaid akarudisha picha nne nzuri. Mlango umenyooka, kitasa kipya, soketi mpya, ukuta mweupe. Milly alijaribu mara mbili kwenda kuuangalia ukuta kwa macho yake, na mara zote mbili alikuta fleti imefukizwa udi mpaka taa hazionekani. Alitoka akipiga chafya na macho yamemvimba. Leo asubuhi Bi Badriya alipotoka kuja kuuza nyumba, Milly alichukua ufunguo kwa mlinzi wa jengo, akaingia peke yake, akavuta pumzi.

Lakini mtu wa kuogopwa pale mezani hakuwa Junaid. Alikuwa Bi Badriya.

Bi Badriya ni mjane wa Kiunguja aliyekaa Dubai tangu barabara nyingi hazijawekwa majina. Amezika mume hapa, amelea watoto hapa, na Kiswahili chake hakijaingiwa na vumbi hata chembe. Jumamosi anahamia Maskati kwa mwanawe, na vitu vyake vyote viko kwenye maboksi. Alikuwa amekaa kimya na buibui lake la hariri akisubiri zamu yake ya kutia saini. Sasa akageuka polepole.

"Umemtuma mtu nyumbani kwangu mie sipo?" akauliza.

Sikujua akamwambia kwamba ruhusa ilikuwamo kwenye mkataba, na kwamba hakukusudia kumvunjia heshima.

"Mkataba," akasema Bi Badriya, kwa sauti ya mtu aliyepewa chai ya jana. "Nimekupokea mara nne. Mara nne nimekufukizia udi mlangoni, nimekupa halua, nimekuita mwanangu. Na wewe ukenda kutafuta mtu wa kunusa kuta zangu."

Sikujua alitamani sakafu ipasuke. Sisi watu wa pwani tunajua maana ya kupokewa kwa udi. Mtu akikufukizia, amekuweka kwenye kundi la mabibi harusi na wageni wa Idi. Sikujua mara ya kwanza aliinua shela lake ili moshi uingie vizuri, na aliporudi Al Muraqqabat aliwanusisha wenzake sita mmoja mmoja. Mara ya nne alikaa saa nzima ndani ya chumba cha Alya, akipima kwa mikono kitanda kitakaa wapi, na pua yake haikumwambia lolote. Mtu wa kwingine angeuliza kwa nini nyumba inafuka moshi saa nne asubuhi. Yeye alishukuru.

Karani, aliyekuwa na foleni nje, akaingilia kati kwa Kiingereza cha haraka. Mkataba wa mauziano unaisha leo saa kumi na moja jioni. Wakitaka kuahirisha, kuna ukurasa mmoja wa kuongeza muda, na lazima pande zote mbili ziutie saini. Usipotiwa saini, mkataba umekufa, na mwenye nyumba yuko huru kumuuzia amtakaye.

"Na amtakaye yupo," Junaid akasema taratibu, akiupokea ukurasa ule na kuutia kwenye mkoba wake. "Mnunuzi wangu mwingine anakuja kuiona fleti leo alasiri. Nilimwambia imekwisha, akasema atapita tu. Dada Siku, fikiri. Ukuta hupakwa rangi. Mtoto unampata mmoja."

Maneno hayo ya mwisho yalimuingia Sikujua mahali pabaya. Aliomba dakika mbili, akatoka ukumbini, akampigia Alya.

Simu ililia sana kabla ya kupokewa. Nyuma ya sauti ya Alya kulikuwa na makelele ya watu na mwanamke akitangaza jambo, na Sikujua akadhani ni ile televisheni ya bibi yake ambayo haizimwi. Alimweleza kwa maneno machache. Kuna tatizo kidogo, la ukuta tu, huenda safari ya Ijumaa ikasogea mbele siku chache.



"Mama, sema kama hunitaki," Alya akasema. "Mimi sitalia. Nataka kujua tu."

"Alya, chumba chako kina maji ukutani. Kitakuumiza kifua."

"Mwaka juzi ilikuwa kibali. Mwaka jana ilikuwa pazia. Mwaka huu ni ukuta," Alya alisema. Kisha simu ikakatika, au ilikatwa, Sikujua hakuweza kujua.

Alisimama pale ukumbini akiwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na wa kumwangukia ila yeye mwenyewe. Miaka kumi na minane ametuma viatu kwa kipimo cha mguu alichochorewa kwenye karatasi. Alikuwa hatua moja tu na saini moja kutoka kwenye kuwa mama wa mtu anayelala chumba cha pili. Angerudi ndani, angeandika jina lake, Alya angekuja Ijumaa, na huo ukuta wangeuona mbele ya safari.

Nakwambia alirudi kweli mpaka mezani. Alikaa, akaishika kalamu. Kisha akakumbuka usiku mmoja wa likizo kule Kisauni, Alya ana miaka tisa, amekaa kitako kitandani akivuta pumzi ambayo haifiki, na vidole vyake vidogo vimeshika godoro. Kalamu ikaenda kwenye pochi badala ya karatasini.

"Sitii saini," akasema. "Bi Badriya, naomba unitilie wewe saini ya siku saba. Nitangoja ukuta utengenezwe, kisha nitanunua kwa makubaliano yale yale."

Bi Badriya akasimama na kujitanda vizuri.

"Twende nyumbani," akasema. "Huyo mkaguzi wako anioneshe hicho anachokinusa. Kikiwapo, nitatia saini. Kisipokuwapo, nyumba nampa mwengine leo leo, na mimi na wewe hatujuani."

Wakatoka. Junaid aliwakaribisha garini mwake, lakini Bi Badriya alisema hapandi gari lenye muziki, kwa hivyo yeye na Sikujua wakachukua teksi, na Junaid akatangulia. Mshike sana hapo Junaid. Alitangulia.

Njia nzima Bi Badriya alitazama dirisha la kwake na Sikujua la kwake. Dereva, mtu wa Peshawar, aliwaangalia kwenye kioo mara mbili akaamua kutowasha redio. Walipofika karibu na kituo cha metro, Bi Badriya akasema kwa upande wa dirisha kwamba marehemu mumewe aliinunua fleti ile akiwa mgonjwa, apate kumwachia mkewe mlango wa kuufunga mwenyewe. Hicho hicho ndicho alichokuwa akikitafuta Sikujua.

Lifti ilipofunguka ghorofa ya nne, harufu ya udi iliwapokea kabla ya mtu yeyote.

Mlango ulikuwa wazi. Sebuleni, juu ya boksi lililoandikwa VYOMBO, chetezo cha Bi Badriya kilikuwa kimesheheni makaa na vipande vya udi vya kutosha harusi mbili. Junaid alisimama kando yake akipunga mkono ili moshi usambae. Milly alikuwa kwenye mlango wa chumba kidogo, mtu mfupi wa Nakuru mwenye buti na ovaroli, na leso puani.

"Huyu jamaa ameingia na moto," Milly alimwambia Sikujua. "Nimemwambia aache, ananiambia ni heshima ya watu wenu."

"Nimeona bibi anarudi nyumbani kwake, nikamwandalia," Junaid alisema. "Kosa langu liko wapi?"

Bi Badriya alimtazama Milly kuanzia buti kwenda juu. Milly akamsalimia kwa heshima, akamwita shosho, kama watu wa kwao wanavyomwita bibi, na Bi Badriya akaitikia kwa kichwa tu, kwa kuwa hakuwa na hakika ametukanwa au la.

Milly akaanza kazi. Alikibandika kipimo chake ukutani na nambari zikapanda. Akakihamishia ukuta wa pili, zikashuka. Akarudi, zikapanda tena. Bi Badriya alitazama nambari hizo na akasema mashine ni ya Milly, nambari ni za Milly, na betri pia ni ya Milly. Junaid alikubali kwa bidii. Akaongeza kwamba vyombo hivi hudanganya sana penye joto.

"Haya, acha mashine," akasema Milly. "Nusa, shosho."

"Anuse nini na moshi wote huu?" Sikujua akasema, na akajuta, maana kweli chumba kizima kilikuwa kinanukia vizuri. Kilinukia heshima, Idi, mambo yote mema. Ukuta ulikuwa mweupe na mkavu machoni. Hapo Sikujua alihisi kila kitu kinamponyoka. Nyumba inakwenda, Alya amekwisha kwenda, na ushahidi wake ni mwanamke mmoja wa Nakuru anayepiga chafya.

Junaid akatazama saa. Saa tisa na nusu. Mnunuzi wake, akasema, yuko njiani.

Sasa wasomaji wangu, mjanja huponzwa na kitu kidogo. Junaid, kwa kutaka kuumaliza mjadala, alikibeba chetezo kutoka sebuleni akakileta chumbani na kukiweka sakafuni karibu na kabati la nguo lililobaki humo.

Moshi ulipanda kama kawaida yake. Ukafika usawa wa kiuno, ukasita, ukajikunja. Kisha wote, moshi mzima, ukaelekea kwenye upenyo mwembamba kati ya kabati na ukuta, ukaingia humo na kupotea.

"Ona," Milly akasema, na safari hii alisema polepole. "Nyuma ya hiyo kabati kuna shimo, na AC inavuta hewa kupitia huko, inairudisha hapa ndani. Chochote kiko kwa hiyo ukuta, msichana wako angekivuta usiku wote."

Sikujua akalishika kabati upande mmoja na Milly upande wa pili. Junaid alijitokeza kusema kwamba kabati ni zito na litakwaruza sakafu, lakini hakugusa. Likasogea. Ubao wake wa nyuma ulikuwa mweusi kutoka chini hadi kifuani, mweusi wenye manyoya. Ukutani, mahali kabati liliposimama, rangi mpya iliishia nusu, kana kwamba fundi alipaka mpaka pale jicho linapofika akakumbuka ahadi nyingine. Chini ya rangi ile ukuta ulikuwa umevimba na kupasuka, na moshi ulikuwa ukiingia kwenye ufa huo. Milly akabonyeza kwa kidole, na kidole kikazama.

Bi Badriya alikuwa ameshika mlango.

"Mie sinusi," akasema.

Sikujua akadhani hakusikia vizuri.

"Tangu nilipougua mwaka ule," Bi Badriya akasema. "Sinusi udi, sinusi mchuzi, sinusi kitu. Nawasha kwa mazoea. Watoto wangu sijawaambia, watasema siwezi tena kukaa peke yangu. Nilikuwa naogopa nyumba isije ikanuka uzee na mimi sijui. Basi huyu akanambia niwashe mwingi. Akanambia wanunuzi wa kwetu wakikuta udi huwa hawana maswali."

Wote wakamgeukia huyu.

Junaid alifungua mdomo mara ya kwanza bila kutoa kitu, jambo ambalo dalali yule hajawahi kufanya tangu sehemu ya kwanza. Mara ya pili akasema kwamba kila nyumba ina lake.

"Na fundi wa bomba niliyekwambia umlete?" Bi Badriya akauliza. "Ulisema alikuja nilipokwenda Ajman kwa dada yangu. Ulisema amebadilisha."

"Alikuja, bibi. Alipaka."

"Nilikwambia abadilishe bomba, nawe ukaleta mtu wa kupaka."

Bi Badriya akatoka. Sikujua alidhani amekwenda kulia, na alikuwa tayari kumfuata. Lakini lilisikika boksi likifunguliwa, na Bi Badriya akarudi na mchi wa shaba, ule wa kutwangia iliki, mfupi na mzito. Akajifunga ncha za buibui kiunoni. Akamwambia Milly asogee.

Aliupiga ukuta mara tatu. Mara ya tatu ubao wa jipsamu, ambao ndio ukuta wenyewe, uliporomoka kipande kizima, vumbi likamjaa Sikujua kichwani, na harufu ikatoka. Hapo hata udi ulishindwa. Nyuma ya ubao bomba la kutolea maji ya AC lilikuwa limepasuka kwenye kiungo, likidondosha tone, kisha tone, juu ya kitu ambacho zamani kilikuwa sponji.

Bi Badriya alikitazama kile kidonda cha nyumba yake. "Angelala hapa," akasema, na mchi ukamshuka mkononi. "Mwanao angelala hapa, na mie ndiye niliyekufukizia."

Sikujua akamshika mkono. Hasira aliyokuwa nayo tangu kule ukumbini ilimwishia, na kilichobaki kilikuwa huruma tu kwa mwanamke huyu mzima aliyekuwa akificha pua yake kama mtu anavyoficha deni. Akamwambia kwamba bomba ni bomba, litatengenezwa. Milly akasema kazi ni ya siku tano, sita zikizidi. Kukata bomba, kubomoa jipsamu, kukausha, kuweka mpya.

"Basi tena," Bi Badriya akasema. "Lete huo ukurasa niutie saini. Siku saba. Na mie Maskati nitakwenda ukuta ukishapona."

Sikujua akatoa kalamu kwenye pochi. Akageuka kwa Junaid, mwenye mkoba wenye ukurasa.

Junaid hakuwapo.

Lifti ilikuwa inashuka. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano.

Sikujua alimpigia mara sita, na mara zote sita simu iliita bila jibu. Milly alishuka mbio kwa ngazi na akarudi akihema, akasema gari la Junaid bado liko pale chini na mwenyewe yuko getini anaongea na mtu, amesema atapanda. Wakati huo huo simu ya Bi Badriya ikalia kutoka Maskati. Mwanawe alitaka kujua jambo moja tu. Amekwisha uza au hajauza? Tiketi ni ya Jumamosi, chumba kimepakwa rangi, wajukuu wameandika jina lake mlangoni. Bi Badriya alisema "inshallah" mara tatu, na kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Alipokata simu, alikaa juu ya boksi la vyombo na hakumwangalia Sikujua usoni.

Saa kumi na nusu.

Kengele ya mlango ikalia.

"Huyo ni yeye na mnunuzi wake," Milly akasema.

Sikujua akajipangusa vumbi la jipsamu kichwani, akaliongeza usoni, akaenda kufungua akiwa amepanga maneno makali ya kumwambia Junaid.

Mlangoni alisimama msichana mrefu mwenye sanduku la buluu lililofungwa kwa kamba. Alikuwa na simu mkononi, na kwenye simu ile ramani iliyotumwa na mama yake mwezi uliopita, pamoja na maneno haya: nyumba yetu ni hapa.

"Hodi," Alya akasema. "Nilibadilisha tiketi. Nilitaka nikukute siku ya kwanza, kabla hujaahirisha tena. Ulivyonipigia nilikuwa nasubiri sanduku uwanjani." Akaikaza midomo. "Nimekaa huko saa nzima nikifikiria nirudi. Kisha nikasema wacha nione huo ukuta."

Sikujua alimkumbatia mtoto wake pale pale kizingitini, na vumbi jeupe likahamia kwenye shela la Alya, na wote wawili wakalia bila kujali nani anaona.

"Nimeambiwa hapa ni kwetu," Alya akasema begani mwa mama yake. "Ni kweli au si kweli?"

Hilo Sikujua hakulijua. Aliyejibu ni Bi Badriya, kutoka juu ya boksi.

"Ni kwenu, mwanangu. Ila usivuke hapo kwanza. Chumba chako kinaumwa."

Hapo ndipo lifti ilipofunguka tena. Junaid akatoka akiwa na tabasamu lake mahali pake, na nyuma yake mtu mnene mwenye kanzu safi na simu mbili. Mtu huyo alipita kati ya mama na binti akiomba radhi, akachungulia chumba kidogo, akaliona tundu, akalicheka. Alisema ukuta haumsumbui. Haishi yeye humu. Ataweka vitanda vya ghorofa, sita huku na sita kule, na mapazia. Hataki ukaguzi, hataki siku saba. Hundi anayo, na Bi Badriya ataruka Jumamosi kama alivyopanga.

"Bibi, nimeleta karatasi zote mbili," Junaid akasema kwa adabu kubwa, akazitandaza juu ya boksi la vyombo, upande kwa upande. "Mimi simlazimishi mtu. Hii ni ya kungoja. Hii ni ya kumaliza."

Bi Badriya akasimama. Alimtazama yule mnunuzi. Aliitazama simu yake, ambayo ilikuwa imeanza kulia tena kutoka Maskati. Kisha akanyoosha mkono kwa Sikujua bila kugeuka.

"Nipe kalamu yako," akasema.

Sikujua akampa, akarudi mlangoni kwa Alya. Bi Badriya akainama juu ya boksi, buibui lake likaanguka mbele na kuzifunika karatasi zote mbili, na mkono wake ukaandika polepole jina refu aliloachiwa na mumewe. Moshi wa mwisho wa udi ulikuwa bado unapita sebuleni. Alya, aliyesimama kizingitini kama alivyoambiwa, akakohoa mara moja na kuushika mkono wa mama yake.

Saini ilikuwa moja tu. Kutoka pale mlangoni Sikujua hakuweza kuona ilitiwa kwenye karatasi ipi.